Kifundo kinauma, kazi iko kigashani: mwongozo kwa wenye mikono ya kazi

Saa kumi na mbili asubuhi pale mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nilimkuta mama mmoja ameinamia sangara mkubwa, anampasua ili awe kayabo, yaani samaki wa chumvi aliyekaushwa. Kila baada ya samaki wawili watatu alikuwa anaweka kisu chini na kuukung'uta mkono wa kulia, kama mtu anayekausha maji vidoleni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza mkono una nini. "Baridi hii ya ziwani," akasema, akaokota kisu akaendelea.

Kwetu huku kiungo chochote kikiuma ni baridi, na kama mwenye nacho anakula nyama sana, basi ni gauti. Simcheki, maana nami nilisema hivyohivyo. Kabla ya kwenda kusomea fiziotherapia nilichuna minofu miaka minne katika kiwanda kimoja hapa mjini. Mwaka wa tatu kifundo cha kulia kikaanza kuwaka, kwanza jioni tu, baadaye hata nikifungua mlango. Nikanunua diklofenaki dukani, nikaimeza miezi minne bila kumuuliza mtu, mwisho nikawa na magonjwa mawili: mkono unauma na tumbo linaungua. Aliyenisaidia hakuwa daktari. Ni mzee mmoja wa meza ya jirani aliyechukua kisu changu, akakijaribu kwenye ukucha, akacheka: "Mdogo wangu, hiki ni kijiko."

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeshika, kuvuta, kukata, kusonga au kusuka kutwa nzima. Ufuate kwa mpangilio, kwa kuwa ukirukia mazoezi kabla ya kurekebisha kazi utakuwa unachota maji kwa pakacha.

Hatua ya 1: Weka mkono mezani uuangalie

Tuelewane kwanza kwa majina. Wapo wanaoita kiwiko pale mkono unapokunjikia katikati, na wapo wanaoita kiwiko pale unapofunga saa. Ugomvi huo tuuache. Humu kiwiko ni pale katikati, kifundo ni pale pa saa, na sehemu iliyo kati yao ni kigasha. Neno limezeeka kidogo, vijana wengi hawalijui, lakini ndilo tunalolihitaji.

Kigasha kina mifupa miwili iliyolala sambamba. Alna iko upande wa kidole cha mwisho, radiasi iko upande wa dole gumba. Ukigeuza kiganja kitazame juu kisha kitazame chini, radiasi ndiyo inayojiviringisha juu ya mwenzake. Kifundo chenyewe kimejengwa kwa mifupa midogo 8, imepangwa safu mbili kama kokoto. Na juu ya ile mifupa miwili mirefu kuna misuli 20: 8 upande wa kiganja na 12 upande wa mgongo wa mkono.

Sasa shika kigasha cha kulia kwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, halafu chezesha vidole vya kulia kama unayebonyeza simu. Unasikia nyama inatembea? Huko ndiko vidole vinakokunjwa kwa nguvu. Kiganjani kuna misuli midogo ya kazi za ufundi, lakini ndani ya vidole vyenyewe kuna kano tu, zinazotoka kigashani, zinapita kifundoni na kwenda kujishikiza kwenye mifupa ya vidole. Fikiria waya wa breki ya baiskeli. Mkono unabana huku juu, gurudumu linasimama kule chini, na katikati waya unateleza ndani ya ala yake. Kano nazo zina ala, zina utelezi ndani yake, na zinachoka vilevile waya unavyochoka: pale panapokunjwa.

Hamishia mkono wa kushoto juu ya kigasha, upande wenye vinyweleo, kisha kunja ngumi kwa nguvu. Misuli ya upande huo nayo imekakamaa, ingawa kazi yake ni kunyoosha vidole na kuinua kiganja. Hapa ndipo wengi wanaposhangaa. Bila misuli hiyo, kila ukishika kitu kifundo kingejikunja chenyewe, kwa hiyo inalazimika kukishikilia muda wote unaoshika. Mchuna minofu anadhani anafanyisha kazi upande wa kiganja, kumbe upande wa juu nao uko zamu tangu asubuhi, na ndio dhaifu kati ya hizo mbili. Misuli mingi ya kundi hilo inaanzia kwenye kile kinundu cha mfupa kilicho nje ya kiwiko. Ndiyo maana mtu anashika kisu kwa vidole halafu anaumwa kiwikoni.

Jaribio moja la mwisho. Kunja kifundo mpaka kiganja kielekee kwenye kigasha, ukibakize hivyo, halafu jaribu kushika kalamu kwa nguvu zako zote. Mtoto wa darasa la pili ataichomoa. Nyoosha kifundo, au kiinue kidogo kuelekea juu, ushike tena: hachomoi. Nguvu haikupotea, ila waya umelegea upande mmoja na umevutwa kupita kiasi upande wa pili. Jaribio hilo likumbuke tukifika kwenye hatua ya 3.

(Kwa mwenye muda: gusisha dole gumba na kidole cha mwisho, kunja kifundo kidogo. Kano itakayosimama katikati kama kamba ya nguo ni ya msuli ambao watu wengine wamezaliwa bila huo, na wanashika vitu kama kawaida. Usipoiona, usihangaike.)

Hatua ya 2: Jua ni kipi kinachouma

Mtaani tunasema "mshipa umevutika", na neno mshipa tunalitumia kwa kano, kwa neva na kwa mrija wa damu, wakati hivyo ni vitu vitatu na kila kimoja kinauma kwa namna yake. Onyesha kwa kidole kimoja panapouma. Mtu asiyeweza kuonyesha kwa kidole kimoja, anayezungusha kiganja mkono mzima, mara nyingi tatizo lake ni uchovu wa misuli tu au linatoka juu zaidi, hata shingoni.

Kama kidole kinaangukia ubavuni mwa kifundo, upande wa dole gumba, na maumivu yanazidi ukifungia dole gumba ndani ya ngumi halafu ukainamisha kifundo kuelekea kidole cha mwisho, zinazolalamika ni kano mbili za dole gumba zinazopita katika ala moja nyembamba. Daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1895 na umebaki na jina lake. Mbali na wachuna samaki na wasusi, huwapata sana akina mama wenye watoto wachanga, wanaomwinua mtoto kwa kumshika kwapani huku dole gumba limetanuka. Mama mwenye mtoto anyanyue kwa kupitisha viganja chini ya makalio na mgongo wa mtoto, kama anayechota unga.

Ganzi ni habari nyingine. Upande wa kiganja kifundoni kuna njia nyembamba, chini ni mifupa, juu ni utepe mgumu. Ndani yake zinapita kano 9 na neva moja, yaani kamba tisa na waya mmoja wa umeme kwenye bomba moja. Kamba zikivimba, anayeumia ni waya. Utasikia ganzi au vijisindano kwenye dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, hasa usiku, mpaka unaamka kuukung'uta mkono. Yule mama wa kayabo nilimuuliza kuhusu usiku. Akacheka, akasema mumewe anadhani anapigana ndotoni. Ujauzito, kisukari na tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu huongeza hatari hiyo, na wanawake hupatwa zaidi ya wanaume. Ganzi ikiwa kidole cha mwisho peke yake na nusu ya cha pete, hiyo ni neva nyingine, ile inayopita nyuma ya kiwiko. Mara nyingi ni kuegemeza kiwiko mezani au dirishani mwa gari.

Maumivu ya mgongo wa kifundo, na yale ya nje ya kiwiko, ni ya kano za kuinua kiganja. Haya ndiyo yangu, na ndiyo ya kawaida kwa mtu wa kisu.

Hatua ya 3: Rekebisha kazi kabla ya mkono

Anza na kisu. Kisu butu kinakudai nguvu mara mbili: ya kukata, na ya kukishika kisikuponyoke wakati unakata. Hiyo ya pili ndiyo inayoua kigasha. Ukiona unalazimika kurudia mkato mara ya pili mahali ambapo asubuhi ulipita mara moja, simama unoe. Tupa inatengeneza ukingo ulioharibika, jiwe la kunolea lenye maji linaleta makali, na kile chuma cha duara cha kunyooshea makali kinatosha kati ya samaki na samaki. Wengi niliofanya nao kazi walikuwa wananoa asubuhi tu, kisha wanasukuma kwa bega mpaka jioni. Kunoa kunachukua dakika mbili, nao wanaona ni dakika mbili za hasara kwa sababu wanalipwa kwa kilo. Hesabu kilo unazochuna saa nane mchana kwa kisu cha asubuhi, halafu tuzungumze hasara.

Mpini ukiwa mwembamba vidole vinabana sana, ukiwa mnene sana haviufungi. Kipimo kizuri kwa kazi ya nguvu ni upana wa sentimeta 3 na nusu hadi 4 hivi. Kisu chembamba kiviringishie ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Hautelezi hata ukilowa mafuta ya samaki, na unaoshwa kwa sabuni. Kiwandani huenda usiruhusiwe kwa sababu za usafi. Huko omba kisu chenye mpini wa saizi yako.

Meza nayo. Kwa kazi ya kukata kwa nguvu, uso wa meza uwe chini ya kiwiko chako kama upana wa kiganja kimoja hadi viwili. Meza ikiwa juu zaidi, unapandisha bega na kukunja kifundo, na tumeona kwenye kalamu kifundo kilichokunjwa kinavyoshika. Anayepasulia chini, juu ya jiwe au turubai, atafute kreti mbili na ubao. Najua mwaloni nafasi ni ya kugombania, lakini kreti mbili zinapatikana.

Baridi: mikono iliyotoka kwenye barafu haisikii vizuri inabana kiasi gani, hivyo inabana kupita kiasi. Vaa glavu nyembamba ya kitambaa ndani ya ile ya mpira, na ukipata nafasi tumbukiza mikono kwenye maji ya vuguvugu dakika moja.

Wengine nitawapitia haraka. Mama ntilie anayesonga ugali wa watu hamsini ashushe jiko, asimame juu ya sufuria, ashike mwiko kwa mikono miwili na kusukuma kwa mwili wake, si kwa kuzungusha kifundo. Anayefua asikamue blanketi kwa kulinyonga mikononi. Alipitishe kwenye nguzo au bomba, ashike ncha zote mbili, azungushe na kuvuta kwa uzito wa mwili. Msusi akalishe mteja chini zaidi, na rasta ndogondogo asizipange siku tatu mfululizo. Dereva wa bodaboda azungushe mikono ya klachi na breki ielekee chini kidogo, mpaka kigasha, kifundo na vidole viwe mstari mmoja akikaa kawaida. Fundi yeyote wa pikipiki anafanya hiyo kwa spana moja. Na wewe unayesoma haya kwa simu, shusha dole gumba, tumia mkono wa pili.

Hatua ya 4: Pumzika kidogo, mara nyingi

Msuli ukichoka unapona haraka, kwa kuwa unapata damu ya kutosha. Kano inapata damu kidogo, kwa hiyo inachelewa kujenga kilichochakaa. Ukikata saa sita mfululizo halafu ukapumzika saa moja, hujaisaidia kama yule anayeachia kisu dakika moja kila baada ya dakika 20 au 30. Katika dakika hiyo fungua vidole vyote mpaka mwisho mara kumi, zungusha kifundo taratibu, shusha mabega.

Wavuvi wa dagaa wana mtego wao wa peke yao. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, watu wanakaa nchi kavu siku kadhaa, wanashona nyavu na kucheza bao. Giza likirudi, usiku wa kwanza wanavuta kana kwamba hawakupumzika, na asubuhi ya pili ndipo vifundo vinavimba. Mkono uliokaa umeshuka uwezo kidogo. Kuutwika mzigo wote kwa usiku mmoja ndiko kunakouumiza. Siku mbili kabla ya kurudi ziwani anza mazoezi ya hatua ya 5, na usiku wa kwanza mbadilishane kamba mara nyingi zaidi. Hayohayo yanamhusu aliyetoka likizo ya uzazi, aliyeugua malaria, na kijana aliyeajiriwa wiki hii na anataka kumwonyesha bosi.

Hatua ya 5: Ijenge kano

Kama maumivu ni makali, anza bila kusogeza kitu. Laza kigasha mezani, kiganja kitazame chini na kining'inie nje ya ukingo. Weka kiganja cha mkono mwingine juu yake, kisha inua wa chini huku wa juu unauzuia usiondoke. Shikilia sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika moja au mbili, rudia mara tano. Watu wengi wanaona maumivu yanapoa palepale.

Baada ya wiki moja au mbili, chukua chupa ya maji ya nusu lita, iliyojaa. Hiyo ni nusu kilo. Kigasha kikae mezani vilevile, chupa mkononi. Inua kwa kusaidiwa na mkono wa pili, kisha ishushe kwa mkono unaouma peke yake, taratibu, ukihesabu mpaka nne. Kushusha ndiyo dawa. Kuinua ni nauli tu. Fanya mara 15, pumzika, rudia mpaka awamu tatu, siku moja ndiyo na moja hapana. Ikiwa nyepesi, nenda chupa ya lita moja.

Halafu kuna zoezi ambalo wanaobanabana kampira ka mazoezi hawalifanyi kamwe. Valisha vidole vitano kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichokatwa kama pete pana, uvifungue kwa kukishinda kile kipande, mara 20. Mtu anayeshika kutwa nzima hahitaji kubanabana kampira jioni. Amebana vya kutosha.

Kanuni ya maumivu: kama sifuri ni hakuna na kumi ni kulia, usivuke tatu au nne wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi mkono usiwe umezidi ulivyokuwa leo. Ukizidi, punguza uzito, usiache kabisa. Hesabu wiki 6 hadi 12. Mimi nilichukua kumi, na wiki ya nne nilikata tamaa kabisa.

Mwenye ganzi ya usiku asikimbilie chupa. Kwanza afunge kifundo usiku kwa kifungio chenye kipande kigumu kinachokiweka kimenyooka, kwa sababu tukilala tunakunja vifundo kama watoto. Asikaze mpaka vidole vibadilike rangi.

Hatua ya 6: Vidonge, kuchua na chale

Vidonge vya maumivu vinafaa siku chache, baada ya kula, kwa ushauri wa mtoa dawa. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au mimba asivimeze kienyeji. Kuchua kwa mafuta misuli ya kigasha ni raha na hakuna ubaya, ila usimruhusu mtu kuchua kifundo kilichovimba baada ya kuanguka, wala "kukirudisha". Na kuchanjwa chale kwa wembe uliopita kwa watu wengine, hapo umenunua ugonjwa wa damu kwa ajili ya kano iliyochoka.

Hatua ya 7: Pasipo kusubiri

Ukianguka na pikipiki ukajikinga kwa kiganja, kisha ukaumwa kwenye kile kishimo kinachotokea chini ya dole gumba ukilinyoosha, kapige picha hata kama hakujavimba. Kuna mfupa mdogo hapo unaovunjika kimyakimya, damu yake ni ya shida, na ukicheleweshwa unaweza usiunge.

Ganzi isiyoondoka mchana wala usiku, vitu vinavyokuponyoka, au nyama ya shina la dole gumba inayonywea ukilinganisha na mkono wa pili: neva imeanza kuumia kweli, usimalize mwezi.

La tatu ni mwiba. Pezi la mgongoni la sangara likikuchoma, osha hapohapo kwa maji safi ya kutiririka na sabuni, na uulize lini ulichomwa sindano ya pepopunda. Kidole kikivimba kizima kama soseji, kikabaki kimejikunja, na ukijaribu kukinyoosha ukapiga kelele, usaha unaweza kuwa umeingia kwenye ala ya kano. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama dagaa wako bado wako kwenye chanja.

Na ukifika kwa mtaalamu, usiseme tu "mkono unauma". Mwonyeshe kazi yako, unavyoshika, unavyosimama. Mimi wagonjwa wangu wa mwaloni nawaomba waje na kisu chenyewe, kimefungwa kwenye gazeti. Yule mama wa kayabo alikuja Jumanne na viwili. Kimoja alikuwa hajakinoa tangu aolewe.